Ukumbi wa maigizo unaogeuzwa, Lamu: shajara ya meza 26, mabenchi na majamvi

14 Januari 2025: Ghala na vipimo vyake

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kujenga ukumbi mdogo ambao viti vyake vinahamishwa: leo watu wakae mbele ya jukwaa, kesho wakae pande mbili wakitazamana, keshokutwa sakafu iwe tupu kwa goma, ngoma ya wanaume wanaocheza na bakora. Tunaandika kila hatua inapokwisha. Yaliyokwenda vizuri tunayataja kwa ufupi. Yaliyoharibika tunayaeleza kwa kirefu, kwa kuwa huko ndiko pesa zinakopotea.

Jengo ni ghala la zamani upande wa Langoni. Ndani ni mita 15 kwa 9.5. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na paa ni mabati juu ya kenchi za mbao. Chini ya kenchi kuna mita 3.6, na ukichanganya na mwinuko wa paa, wastani wa kimo ni mita 4.2. Tulianza kwa kutafuta nyumba ya kale, tukaacha mapema. Chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu ni kirefu na chembamba, upana wake hauzidi mita 3 hivi, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari la mawe na chokaa zaidi ya hapo. Humo utapata safu moja ya watu na korido.

Masharti tuliyojiwekea ni matatu. Hakuna skrubu hata moja inayoingia ukutani: chokaa ya zamani hubomoka, na Mji wa Kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo hata jengo la kawaida halichezewi. Hakuna mzigo unaoning'inizwa kwenye kenchi. Na kila kipande kiweze kubebwa na watu wawili kwenye kichochoro chenye kona, maana hapa gari halifiki mlangoni.

Masharti hayo yaliondoa wazo la kwanza, lile la viti vya ngazi vinavyovutwa kwenye reli na kukunjwa ukutani kama droo. Mtambo wa namna hiyo ni mzito, mingine hufungwa ukutani, magurudumu yake hayapendi chumvi, na juu ya yote unatoka upande mmoja tu. Ukumbi ungekuwa na sura mbili pekee, viti vimetoka au vimeingia.

27 Januari: Mipango minne, na mmoja uliotupwa

Tulichora mipango sakafuni kwa chaki, kipimo kamili, kisha watu 20 wakakaa na kutembea ndani yake. Chaki ya shilingi mia mbili ilituonyesha mambo ambayo karatasi ilikuwa imeyaficha.

Mpango wa *Mbele*: watu wote upande mmoja, jukwaa upande wa pili. *Pande Tatu*: kundi kubwa mbele na makundi mawili madogo ubavuni. *Mkabala*: makundi mawili kwenye kuta ndefu yakitazamana, mchezo ukipita katikati. *Uwanja*: sakafu tupu. Mkabala ndio mpango utakaotumika zaidi hapa Lamu, kwa sababu kwenye shughuli nyingi kinamama hukaa upande wao na wanaume upande wao, kila upande na mlango wake. Ukumbi wa kawaida ungewaweka kinamama nyuma. Mkabala unawapa safu ya kwanza kama wenzao.

Mpango wa tano, *Duara*, ulitupwa siku hiyo hiyo. Watu wakikaa pande zote nne kwenye upana wa mita 9.5, mchezaji anabaki na uwanja wa mita 4 kwa 4 na njia nyembamba kwenye pembe, na kila anapoingia anarukia miguu ya watu. Kwa kirumbizi, mchezo wa kupigana kwa fimbo, ni hatari, fimbo zinapepea. Kirumbizi kitachezwa katika Uwanja, watu wakisimama kuzunguka.

Ushauri wetu kwa atakayeiga: chagua mipango isiyozidi minne kabla ya kukata chuma chochote, kisha hesabu vipande vya kila mpango. Ukumbi unaodai unaweza kupangwa vyovyote huishia kupangwa namna moja tu, kwa kuwa hakuna anayejua vipande vinaanzia wapi.

10 Februari: Hesabu ya macho

Hii ndiyo siku iliyoamua ukumbi mzima.

Kila safu lazima ione juu ya vichwa vya safu iliyo mbele yake. Wabunifu wa kumbi hupima nafasi kati ya jicho la mtu wa mbele na mstari wa macho ya aliye nyuma yake, na huiita C. Milimita 120 ni raha kamili, 90 ni nzuri, 60 ni ya chini inayokubalika, na chini ya hapo mtu anaanza kuinamisha shingo. Kanuni yake ni hii:

C = D × (N + R) ÷ (D + T) − R

D ni umbali wa mlalo kutoka jicho la safu ya mbele hadi mahali panapotazamwa. R ni kimo cha jicho hilo juu ya mahali hapo. N ni tofauti ya kimo cha macho kati ya safu mbili, na T ni umbali kati yake. Tulichagua kutazama sentimita 30 juu ya sakafu, mita 2 mbele ya safu ya kwanza, ili mtu aliyeketi kwenye mkeka jukwaani aonekane. Jicho la mtu mzima aliyeketi tulilihesabu sentimita 75 juu ya anapokalia.

Jaribio la kwanza liliweka viti vya kawaida safu ya kwanza, jicho likiwa mita 1.2 juu. Safu ya pili ikiinuliwa sentimita 30 na kusogezwa nyuma sentimita 80, C inatoka hasi 43. Yaani haoni. Ili aone, safu ya pili ingehitaji mwinuko wa karibu sentimita 45, ya tatu zaidi, na watu wa nyuma wangegusa kenchi.

Dawa tulikuwa tumeikalia tangu utotoni: jamvi. Safu ya kwanza ikikaa chini, jicho linashuka hadi sentimita 75. Safu ya pili ikikaa kwenye benchi fupi la sentimita 30, jicho ni mita 1.05, na kwa D ya mita 2 ile ile C inakuwa milimita 86. Mtu wa mbele akishuka sentimita 45, safu zote nyuma yake zinashuka pamoja naye. Kwa hiyo: safu 1 jamvi, safu 2 benchi, safu 3 hadi 5 viti vya plastiki vya kimo cha sentimita 42 juu ya majukwaa ya sentimita 20, 55 na 90. Hesabu ilitoa C ya 60 au zaidi kwa kila safu. (Namba hizi zilibadilika baadaye. Soma ingizo la 26 Aprili kabla ya kuziiga.)

24 Februari: Meza ya kwanza

Kipande cha jukwaa la kukalia mafundi walikiita meza tangu siku ya kwanza, na jina limebaki. Meza moja ni mita 1.2 kwa 0.9 na inachukua viti viwili.

Kipimo hicho kinatoka kwenye plaiwudi. Ubao wa futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, unatoa juu za meza mbili kamili, na kipande cha pembeni cha upana wa sentimita 32 kinachobaki kinakuwa kikanyagio cha ngazi. Karibu hakuna kinachotupwa. Fremu ni bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene 2: vipande viwili vya mita 1.2 na vinne vya sentimita 82 kati yake, viwili vya pembeni na viwili vya ndani. Jumla ni mita 5.68, kwa hiyo bomba moja la mita 6 linatosha meza moja. Kwenye kila pembe kuna kifuko kifupi cha bomba la 50 ambamo mguu unachomekwa na kukazwa kwa bolti ya milimita 10. Meza bila miguu ina uzito wa kilo 26 hivi.

Mzigo wa kubuni ni kilonyutoni 5 kwa mita ya mraba, takriban kilo 550 kwa meza. Tulipanga mifuko 11 ya simenti juu yake, tukaiacha usiku kucha. Ukingo mrefu ulipinda milimita 4 na ukarudi mifuko ilipoondolewa. Meza ikapita.

Hesabu ya vipande: Mbele inahitaji meza 18, Pande Tatu 26, Mkabala 16. Tukaagiza 26, yaani plaiwudi 13 na bomba 26. Miguu: 64 ya jukwaa la chini, 24 ya kati, 24 ya juu, jumla 112, bomba 9 zaidi. Kazi ikasimama kwa ajili ya Ramadhani.

12 Aprili: Kutoka Mokowe

Lori lilishusha mali Mokowe, mashua ikavusha, hamali na punda wakamalizia. Bomba tulizikata kwa vipimo huko huko bara. Bomba la mita 6 halipindi kona ya kichochoro, na kulipitisha kwa juu ya mapaa ya watu si jambo la kuomba.

Kosa lilikuwa kwenye plaiwudi. Zilikatwa bara pia, lakini kingo hazikupakwa kitu, na masika yalikuwa yameanza. Mvua ya nusu saa gatini ikalowesha kingo za mbao tisa. Tabaka zilivimba hadi milimita 21 kwenye pembe. Tulizikausha kivulini siku nane, tukazibana kwa klempu, tukapiga msasa. Paka kingo vanishi ya mashua mara mbili kabla ya kusafirisha. Vanishi ya aina hiyo ipo Lamu katika kila duka linalouzia waundaji wa majahazi.

26 Aprili: Ngazi zilizoangusha watu

Meza zote ziliposimamishwa kwa mpango wa Mbele, watu wanne kati ya 18 waliopanda walijikwaa, wote mahali pamoja: hatua ya kwanza kutoka sakafuni.

Sababu zilikuwa mbili. Fundi alikata miguu sentimita 20, 55 na 90 kama mchoro ulivyoandika, lakini mguu unafika hadi chini ya plaiwudi, na plaiwudi ina milimita 18. Kwa hiyo majukwaa yalisimama 21.8, 56.8 na 91.8. Kosa hilo ni la mchoro. Fundi alifuata alichopewa. Sababu ya pili ilikuwa kubwa zaidi, na ingebaki hata miguu ingekatwa sawa. Tofauti ya sentimita 35 kati ya majukwaa tuliigawa kwa kikanyagio cha kati, hatua mbili za 17.5. Hatua ya kwanza ilikuwa 20, kwa vipimo halisi 21.8. Mguu wa mtu hujifunza kimo cha ngazi kwa hatua moja au mbili, kisha huacha kutazama. Gizani, tofauti ya sentimita 4 inaangusha.

Tulirudi kwenye hesabu na kuuliza: je, majukwaa yote yanaweza kuwa mafungu ya 17.5? Majukwaa ya 17.5, 52.5 na 87.5 yanatoa hatua tano sawasawa kutoka sakafuni hadi juu. Lakini safu ya 3 ikishuka, C yake inakuwa 41, haitoshi. Jibu lilikuwa kushusha benchi la mbele yake kutoka 30 hadi 27. Hesabu mpya:

Safu ya 2, benchi 27: C milimita 64.
Safu ya 3, jukwaa 17.5: milimita 71.
Safu ya 4, jukwaa 52.5: milimita 77.
Safu ya 5, jukwaa 87.5: milimita 64.

T ni sentimita 80 kati ya jamvi na benchi, 90 kwa zilizobaki. Hizi ndizo namba za kuiga.

Urefu sahihi wa miguu ni 15.7, 50.7 na 85.7. Kila mguu, mrefu kwa mfupi, ulipungua sentimita 4.3 tu, kwa hiyo hakuna mguu uliotupwa. Grainda siku moja, shilingi 3,000 pamoja na kufupisha mabenchi.

Jambo moja hesabu hii haikutatua. Namba hizo zinahakikisha kuonekana kwa kitu kilicho sentimita 30 juu ya sakafu. Nyayo za mchezaji na ncha za bakora kwenye goma ziko chini ya hapo. Tukirudia kanuni kwa sakafu yenyewe, safu zote zinaona nyayo iwapo mchezaji yuko mita 3.1 au zaidi kutoka macho ya walio jamvini. Tulichora mstari mweupe hapo, kwa mpango wa Mbele. Kwenye Pande Tatu uwanja una upana wa mita 4.3 tu na mstari huo hauna mahali, kwa hiyo goma halichezwi kwa Pande Tatu.

17 Mei: Kuyumba

Mzigo wa kushuka ulikuwa sawa, lakini ukumbi haubebi watu waliotulia kama mifuko ya simenti. Watu 12 walisimama safu ya juu wakayumba pamoja kulia na kushoto kama wanavyofanya kwenye taarabu. Jukwaa la 87.5 lilicheza sentimita 3 kila upande. Halikuanguka, lakini tulisimamisha jaribio.

Chanzo ni kifuko. Fremu ina kina cha milimita 40, na kifuko kina milimita 40 hizo hizo ili meza ziweze kupangwa moja juu ya nyingine. Bomba la 40 ndani ya kifuko cha ndani 44 linabaki na uwazi wa milimita 4, na bolti moja haiwezi kuzuia mguu wa sentimita 86 usiiname. Kurefusha kifuko kungezuia meza kupangwa moja juu ya nyingine stoo.

Suluhisho: miguu pacha. Miguu miwili ya upande mmoja iliunganishwa kwa bomba la mlalo la sentimita 82, chini kidogo ya fremu. Miguu 112 ikawa jozi 56, bomba 8 zaidi. Jozi za kati na za juu zikapewa ukanda wa chuma wa mshazari. Hilo lilizuia kucheza mbele na nyuma. Kwa kulia na kushoto, kila meza ya tatu katika safu ina msalaba wa ukanda unaofungwa kwa bolti mbili upande wa nyuma, na meza zote za safu zinabanwa pamoja kwa bolti ili zishirikiane. Tulirudia jaribio kwa watu 12 hao hao: mchezo uliobaki haufiki milimita 5.

Tulipaswa kujua. Kwa majukwaa ya muda, desturi ni kuhesabu pia msukumo wa mlalo wa hadi sehemu ya 10 ya mzigo wa kushuka. Mchoro wetu haukuwa na msukumo wowote.

Reli ya nyuma na ya pembeni mwa majukwaa mawili ya juu ina kimo cha mita 1.1, imejazwa plaiwudi ili mtoto asipenye. Kwenye ukingo wa nyuma wa kila meza kuna ubao wa sentimita 4. Bila ubao huo, mguu wa nyuma wa kiti cha plastiki unateleza nje mtu anapojinyoosha. Viti vinafungwa vinne vinne kwa ubao mmoja chini ya miguu, visitawanyike njiani watu wakitoka kwa haraka.

5 Julai: Kutu

Baada ya masika, kila mahali palipochomelewa palikuwa na kutu ya rangi ya chungwa. Mabomba yenyewe yalikuwa mazima. Fundi alipaka rangi nyekundu ya chuma juu ya magamba ya kuchomelea bila kuyaondoa, rangi ikashika gamba, gamba likabanduka nalo. Ndani ya miguu kulikuwa kubaya zaidi: ncha za chini zilikuwa wazi, na sakafu inapodekiwa maji yanapanda ndani na kukaa.

Tulifungua kila kitu. Magamba yalipigwa nyundo na brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, ikafuata rangi ya zinki siku hiyo hiyo kabla umande wa usiku, kisha rangi ya epoksi mara mbili. Ncha za juu na za chini zilizibwa kwa plagi za plastiki na silikoni. Bolti zote zilibadilishwa kuwa za chuma kisichoshika kutu, na zinapakwa grisi, maana bolti za aina hiyo hung'ang'aniana zikikazwa kavu. Kazi hii ilichukua siku 11 na shilingi 16,800. Ingefanywa mwanzoni, ingekuwa siku tatu.

26 Julai: Kelele

Usomaji wa mashairi ulionyesha kasoro ambayo ngoma zilikuwa zinaificha. Kila msikilizaji alipojigeuza, meza ililia. Tulitafuta milio kwa kukanyaga meza moja moja, mtu mwingine akiweka sikio chini. Milio ilitoka sehemu tatu: plaiwudi juu ya fremu, fremu dhidi ya fremu ya jirani, na mguu ndani ya kifuko.

Dawa ni moja, mpira wa tyubu ya gari. Ukanda wa sentimita 4 uligandishwa juu ya fremu yote kabla plaiwudi kurudishwa kwa skrubu. Vipande vya sentimita 5 viligandishwa ubavuni mwa kila meza mahali pa bolti. Mguu ulivishwa mkanda wa mpira unaojaza ule uwazi wa milimita 4. Chini ya miguu tulikata nyayo za tairi kwa unene wa namna tatu, nazo zilitatua jambo lingine: sakafu inashuka sentimita 2.5 kuelekea mlango wa bahari.

16 Agosti: Mwangwi na matanga

Ukumbi ukiwa mtupu, mlio wa puto lililopasuliwa ulichukua sekunde 2.4 kufa, tukipima kwa simu. Mashairi na maigizo yanataka takriban sekunde 1. Kanuni ya Sabine inasema muda huo ni 0.161 mara ujazo, ukigawa kwa eneo linalofyonza sauti. Ujazo wetu ni mita za ujazo 600, kwa hiyo kuta, sakafu na mabati vinafyonza sawa na mita za mraba 40 tu.

Mikeka iliyotundikwa kwenye fito karibu na ukuta ilishusha muda kidogo mno, ni myembamba. Kilichofaa ni matanga ya zamani ya majahazi, turubai nzito ya pamba. Tulishona mapazia matano ya mita 4 kwa 3, yakiwa na mikunjo, yakining'inia kwenye bomba zinazosimama zenyewe, sentimita 15 kutoka ukutani. Muda ulishuka hadi 1.4 ukumbi ukiwa mtupu. Ukiongeza watu 96, kila mmoja akifyonza mita 0.4 hivi, hesabu inafika 0.9. Kwa taarabu tunavuta mapazia matatu pembeni ili sauti ipumue.

Kabla ya kutundikwa, matanga yalifuliwa mara mbili kutoa chumvi, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu na kuleta ukungu. Kisha, ili yasishike moto kwa urahisi, yalilowekwa katika maji ya boraksi na asidi ya boriki kwa uwiano wa 7 kwa 3, yakaanikwa. Ukanda wa majaribio ukiwashwa nje, unaungua ulipoguswa na moto kisha unazimika wenyewe. Dawa hii hutoka kwa maji. Pazia likifuliwa, liloweshwe upya.

4 Oktoba: Kugeuza, milango, taa

Mara ya kwanza kugeuza kutoka Mbele kwenda Mkabala, watu sita walitumia saa 3 na dakika 10, nusu ya muda huo wakitafuta miguu. Sasa jozi za miguu zimepakwa rangi: nyeupe ya chini, buluu ya kati, nyekundu ya juu. Meza zina namba 1 hadi 26, na sakafuni kuna vidoti vya rangi kwa pembe ya mbele ya kila meza katika kila mpango. Bolti zote ni za spana moja ya 17. Watu sita hao hao wanatumia dakika 55. Kazi inaanza mara baada ya sala ya alasiri na kwisha kabla ya magharibi.

Uwezo wa ukumbi, kwa kuhesabu watu wanne kwa kila benchi la mita 2.4 na wanne kwa nafasi hiyo hiyo ya jamvi: Mbele 60, Pande Tatu 108, Mkabala 96. Ingetoshea zaidi kwa kubanana, lakini njia za mita 1.15 tumeamua hazijazwi kiti, usiku wowote. Nafasi ya kiti cha magurudumu iko mwisho wa safu ya benchi, benchi moja likitolewa, jicho la aliyekaa humo likiwa chini kidogo ya la safu ya 3.

Milango miwili inafunguka kwa ndani, kama milango ya Lamu ilivyo. Hatuibadilishi. Wakati wa onyesho mabawa yote yanafungwa wazi kwa kulabu, pazia likizuia mwanga, na juu ya kizingiti kinawekwa daraja la mbao lenye mteremko. Taa ni 12 za LED za wati 54, jumla wati 648, juu ya nguzo zinazosimama zenyewe. Soketi ziko pembe zote nne, nyaya zikipita kwenye stendi za mapazia badala ya sakafuni. Umeme ukikatika, taa za betri juu ya milango zinawaka zenyewe.

Katika Uwanja, meza zinapangwa nane nane kando ya ukuta bila miguu. Nane ni sentimita 46, na mtu hukaa juu yake kama barazani. Mbili zinazobaki ni meza za chai.

18 Oktoba: Gharama

Kwa shilingi: plaiwudi 59,800, bomba za mwanzo 80,500, kuchomelea 45,000. Usafiri: lori 18,000, mashua 6,000, hamali na punda 9,500. Bolti, tyubu na rangi ya kwanza 23,700. Viti 52 kwa 44,200, mabenchi 8 kwa 28,000. Taa 78,000 na nyaya 21,000. Matanga 11,000, ushonaji 7,500, boraksi na mwenzake 4,800. Marekebisho: kukata miguu 3,000, bomba za miguu pacha 18,400, ukanda wa chuma 6,000, kuchomelea tena 14,000, kutu 16,800. Jumla 495,200, ambayo 58,200 ni ya kurekebisha.

Atakayeiga ajenge meza mbili tu kwanza, ya 52.5 na ya 87.5, zenye miguu pacha, azifunge pamoja, apandishe watu wanne wayumbe, kisha aziache nje juma zima kando ya bahari kabla ya kuagiza zilizobaki.

Mvua juu ya mabati bado haijapatiwa dawa. Ikinyesha kwa nguvu, safu ya 5 haisikii neno. Makuti chini ya mabati yangesaidia lakini yanaongeza hatari ya moto, na kenchi hazijakaguliwa kubeba uzito huo. Fundi wa kenchi anakuja juma lijalo, kabla vuli haijakolea. Mpaka atakapotoa jibu, maonyesho ya Novemba yamewekwa kwa Mkabala, ambao safu yake ya mwisho iko mita 3 tu kutoka kwa mchezaji.